Tranka ya ndege za mfano imeletwa na familia: tuipokee kwa utaratibu gani?

Mwalimu wa Uyole

Nawasalimu nyote, na walionizidi umri nawaamkia. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na kwa miaka kadhaa sasa nasaidia chumba kidogo cha makumbusho ambacho shule moja ya hapa Mbeya ilikubali kukitenga kwa ajili ya historia ya ndege katika Nyanda za Juu Kusini. Tulianza na picha za ule uwanja wa zamani uliokuwa ndani ya mji, uliotumika hadi uwanja wa ndege wa Songwe ulipoanza kazi mwaka 2012. Baadaye wanafunzi walitutengenezea ndege za mfano ili wageni wapate kuona ni vyombo vya namna gani vilivyokuwa vikitua huku. Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba mwaka 1932, mji wenyewe ukiwa bado mchanga, Mbeya ilikuwa kituo kwenye njia ya Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, ya kwenda Cape Town, baada ya Dodoma na kabla ya Mpika, na kwamba ndege zilizopita hapa zilikuwa Hercules za kampuni ya de Havilland, zenye injini 3 na mabawa yaliyopangwa juu na chini. Hivyo, bila sisi wenyewe kupanga, chumba kiligeuka kuwa mkusanyiko wa ndege za mfano zaidi kuliko wa kitu kingine chochote.

Wiki tatu zilizopita familia moja ya Rungwe ilituletea tranka ya bati ya marehemu baba yao, aliyekuwa fundi mitambo na ambaye, kwa maelezo yao, alijenga ndege za mfano maisha yake yote. Ndani yake mna ndege mbili za kiunzi cha mti wa balsa zilizofunikwa karatasi laini, ambazo propela yake huzungushwa na mpira uliosokotwa. Mna ndege nyingine nzito kidogo, yenye injini ndogo isiyozidi ukubwa wa yai la kuku, pamoja na mpini wenye nyaya mbili. Mna rimoti kubwa ya chuma yenye kitufe kimoja na betri ambazo hazijatolewa, madaftari mawili ya michoro, na chini kabisa, imefungwa kwa gazeti, ndege ya mabua ya mahindi na mianzi ambayo mzee inasemekana aliitengeneza akiwa mtoto.

Ugumu ni huu. Mtoto wa kwanza wa marehemu alituambia kwamba vitu hivyo "tunawapa", lakini dada yake, aliyekuwa amesimama palepale, akasema "tunawawekea". Kaka yao mwingine yuko Dar es Salaam na hatujui kama aliulizwa. Shule inataka kufanya sherehe ya makabidhiano mwezi ujao, tena mgeni rasmi amekwisha alikwa. Mwenzangu mmoja, kwa nia njema kabisa, alikwisha anza kufuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, na anataka kuunga bawa lililovunjika kwa supaglu. Wanafunzi nao wanauliza ni lini zitarushwa.

Nina sababu ya kuogopa. Zamani tuliwahi kupokea dira ya ndege kutoka kwa mzee mmoja bila kuandikiana chochote, na alipofariki wakaja wajukuu wa pande mbili, kila upande ukisema dira ni yao. Tuliirudisha, na mpaka leo sina uhakika kama tuliirudisha kwa aliyestahili. Naomba mnisaidie: tuanzie wapi? Je, ile ndege ya mabua tuisajili pamoja na nyingine, au tuiache kama kumbukumbu ya familia tu? Familia inasema pia kwamba ile yenye injini mzee aliijenga kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, nami nimetakiwa niandike hivyo kwenye kibao cha maelezo.

Mhifadhi wa Gangilonga

Kamwene, Mwalimu. Nimefanya kazi ya kutunza vitu vya makumbusho hapa Iringa kwa muda, na nitakujibu kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata, ambao sio ule wa maswali yako.

Kabla ya yote, kitambaa chenye maji kiwekwe pembeni leo hii. Karatasi inayofunika ndege za aina hiyo hukazwa kwa maji kisha hupakwa vanishi ya selulosi, na ikizeeka hubaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukiilowesha upya inaweza kulegea, kisha ikakaza vibaya na kuupinda ubavu wa bawa. Vumbi hupanguswa kwa brashi laini iliyo kavu, tena baada ya kupiga picha, kwa sababu wakati mwingine kile tunachokiita uchafu ni alama ya mafuta iliyoachwa na injini ya mwenyewe, nayo ni ushahidi kwamba ndege iliruka. Supaglu nayo isisogee karibu. Ikishaingia kwenye balsa haitoki, na fundi mwenye ujuzi atakayekuja miaka 20 baadaye atalazimika kukata mti mzima ili arekebishe kosa letu. Bawa lililovunjika liwekwe kwenye trei pamoja na vipande vyake vyote, hata vile vidogo kama njiti, na trei hiyo iandikwe.

Sasa nije kwenye umiliki, ambapo ndipo penye mzigo wenyewe. Maneno "tunawapa" na "tunawawekea" ni mikataba miwili tofauti. La kwanza ni zawadi, na zawadi ikishakabidhiwa hairudi. La pili ni amana, au mkopo, na mkopo usio na tarehe ya mwisho ndio uliowatesa ninyi kwenye ile dira. Usichague wewe ni lipi kati ya hayo mawili waliloliwazia. Warudishie swali. Kwa kuwa mwenye mali amefariki, mtu mwenye mamlaka ya kutoa si lazima awe mtoto wa kwanza, bali ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kama familia ilikwishafungua mirathi kwenye Mahakama ya Mwanzo, muulizeni msimamizi ni nani, na yeye ndiye atakayesaini. Kama haikufungua, na kwa vitu visivyo na thamani kubwa ya fedha familia nyingi hazifungui, basi kiitwe kikao cha familia, muhtasari uandikwe, watoto wote wasaini akiwemo huyo wa Dar es Salaam, na nakala ya muhtasari ibandikwe nyuma ya hati ya zawadi. Kujitangaza kuwa msimamizi wakati hujateuliwa ni kosa, kwa hiyo asije mtu akaandika cheo hicho kwenye karatasi ili tu kuharakisha sherehe.

Hati ya zawadi yenyewe haihitaji kurasa 10. Iseme nani anatoa, nani anapokea, ni vitu gani kimoja kimoja pamoja na hali yake siku hiyo, na iseme waziwazi kwamba umiliki unahamia makumbusho moja kwa moja. Iseme pia kama michoro ya madaftari inaruhusiwa kunakiliwa na kuchapishwa, maana haki ya kumiliki daftari na haki ya kunakili yaliyomo ni vitu viwili. Ningeongeza sentensi inayosema makumbusho hayaahidi kuonyesha kila kitu wakati wote. Nimeshuhudia familia ikinuna kwa sababu kofia ya babu ilikuwa kabatini siku walipoleta wageni.

Mpaka hati hiyo isainiwe, mpeni mtoto wa kwanza stakabadhi ya mapokezi ya muda, yenye orodha na tarehe, na msiviingize vitu kwenye rejista ya kudumu. Sherehe ikibidi iahirishwe, iahirishwe. Mgeni rasmi ataelewa, au hataelewa, lakini hilo ni tatizo dogo kuliko lile la dira.

Kuna mambo mawili ambayo hayawezi kungoja kikao. Betri za rimoti zitolewe sasa hivi, kwa glavu, baada ya picha, kwa sababu betri kuukuu huvuja na kemikali zake hula shaba ya viunganishi. Mkiona unga mweupe au wa kijani, mjue kazi imekwishaanza. La pili ni mpira. Mpira wa asili huzeeka kwa hewa na mwanga, huwa mgumu na kukatika, au huyeyuka ukawa kama lami na kugandamana na karatasi ya kiunzi. Utoeni kama unatoka bila kulazimishwa, uwekeni kwenye mfuko wake wenye maelezo ya ulikotoka, na usikae karibu na kitu cha shaba au fedha, kwa kuwa salfa iliyomo huvifanya vyeusi. Msiutupe. Unene wa mpira na idadi ya nyuzi zake humweleza mjuzi jinsi ndege ilivyokusudiwa kuruka.

Fundi wa Njombe

Mwalimu, shikamoo. Najenga ndege za mfano tangu nikiwa shule ya msingi, na nina neno kuhusu hiyo yenye injini, maana hapo naona kibao cha maelezo kinaelekea kudanganya.

Itazame injini kwa juu, kwenye kichwa cha silinda. Injini ndogo za petroli za miaka ya 1930, kama ile Brown Junior ya Marekani iliyoanza kuwafanya watu waachane na mpira kwenye mashindano, ziliwashwa kwa cheche kama pikipiki: zilihitaji koili, kondensa na betri, vyote vikibebwa na ndege yenyewe, na nyuma ya propela huwa kuna kontakti za kukata umeme. Aina nyingine ni dizeli ndogo zilizoenea Ulaya katika miaka ya 1940, nazo utazitambua kwa skrubu yenye mpini juu ya kichwa, ambayo mrushaji huizungusha kuongeza au kupunguza mgandamizo. Aina ya tatu ina plagi ndogo yenye waya mwembamba uliojiviringisha kama chemchemi. Waya huo huwashwa kwa betri iliyo nje ya ndege, kisha betri ikiondolewa unaendelea kuwaka wenyewe kwa joto la mwako na kwa namna platinamu inavyoshirikiana na methanoli. Plagi hiyo iliingizwa sokoni na Mmarekani Ray Arden mwaka 1947. Kwa hiyo, ukikuta waya wa chemchemi, hiyo injini haikuwepo kabla ya vita, hata kama mzee alikuwepo.

Mtindo wa nyaya mbili nao unakubaliana na umri huo. Ndege huzunguka duara, mrushaji akiwa katikati ameshika mpini, na akiinamisha mpini nyaya huvuta na kuachia usukani wa mkiani. Jim Walker wa Portland, Oregon, ndiye aliyeueneza mtindo huo mwanzoni mwa miaka ya 1940. Na rimoti yenye kitufe kimoja ni hazina, tafadhali msiione kama bati tu. Katika mfumo ule ndege ilikuwa na kifaa kidogo kilichozungushwa na mpira kwa hatua: ukibonyeza na kushikilia, usukani unakwenda upande mmoja, ukibonyeza, ukaachia, kisha ukabonyeza tena, unakwenda upande wa pili. Rubani alilazimika kukumbuka alibonyeza mara ngapi. Vijana wa siku hizi wenye droni hawawezi kuamini kwamba kulikuwa na watu walioirudisha ndege nyumbani kwa njia hiyo.

Nikiwa hapo hapo, niseme kwamba sikubaliani na kuzifungia kabatini. Ndege ya mfano imezaliwa ili iruke. Hizo mbili za mpira zikifungwa mpira mpya zingeweza kurushwa asubuhi moja tulivu, kabla upepo wa saa nne haujaamka, na wanafunzi wangejifunza zaidi kuliko kwa vibao 100.

Mwalimu wa Uyole

Marahaba, Fundi, na ahsante sana. Nimekwenda kutazama kwa lenzi. Kichwani hakuna skrubu, na plagi ina waya uliojiviringisha kama ulivyoeleza. Propela ni ya nailoni. Nimebaki na kigugumizi, kwa kuwa yule dada ana uhakika kamili kwamba baba yake aliijenga kabla ya vita, na sipendi kumwambia binti aliyefiwa kwamba anakosea.

Mhifadhi wa Gangilonga

Usimwambie kwamba anakosea, Mwalimu, kwa sababu hata wewe hujui hivyo. Ulichogundua ni umri wa injini, si umri wa ndege. Kiunzi kinaweza kuwa cha zamani na injini ikabadilishwa, jambo ambalo wajenzi hulifanya kila siku. Chunguza mbao za pua zinazoshikilia injini: kama kuna matundu ya skrubu ya zamani yaliyozibwa, au alama ya mahali ambapo koili na betri vilikaa, basi binti anaweza kuwa na ukweli wake. Kama mbao ni moja, na matundu ni yale yale manne, hapo ndege na injini ni wa rika moja. Kisha fungua madaftari, kwa kuwa fundi mitambo mwenye tabia ya kuchora mara nyingi huandika tarehe.

Katika rejista kuwe na sehemu mbili tofauti: familia inasema nini, na sisi tumeona nini. Andika maneno ya binti kama alivyoyasema, pamoja na jina lake na tarehe aliyoyasema, kisha chini yake andika habari ya plagi na mwaka 1947. Hakuna sehemu inayoifuta nyingine. Kibao cha maelezo kinaweza kusema "ilijengwa na marehemu, injini yake ni ya aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1947", na hapo hakuna aliyevunjiwa heshima.

Sisi watu wa Iringa tuna sababu ya kuwa wagumu juu ya lebo. Fuvu la Mtwa Mkwawa, ambalo leo liko Kalenga, lilirudishwa na Gavana Twining mwaka 1954, miaka 35 baada ya Mkataba wa Versailles kuagiza lirudishwe. Kulipata kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa katika makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kulihitaji kupima vichwa na kulinganisha na vya ndugu zake, kwa kuwa hapakuwa na maandishi ya kuelekeza. Ndege ya balsa haifanani na jambo zito kama hilo, najua. Lakini kila ninapomwona mtu anaweka kitu rafuni bila namba, moyo wangu huenda Bremen.

Kuhusu namba: tumieni mwaka, kisha zawadi ya ngapi, kisha kitu cha ngapi. 2025.3.4 ni kitu cha nne katika zawadi ya tatu ya mwaka 2025. Kwenye vitu vya chuma, wahifadhi hupaka tone la resini iitwayo Paraloid B-72, huandika namba juu yake kwa wino, kisha hupaka tone jingine. Msifanye hivyo kwenye hizi ndege. Resini hiyo huyeyushwa kwa asetoni, na asetoni huyeyusha vanishi ya selulosi, kwa hiyo mtatoboa karatasi mnayotaka kuihifadhi. Fungeni kikaratasi chenye namba kwa uzi wa pamba, mahali ambapo hakigusi karatasi ya bawa.

Sasa Fundi, ndugu yangu, tusigombane. Ndege ya mpira ikigonga mti wa mkaratusi hapo Uyole, hakuna hati itakayoirudisha. Madaftari ya michoro mnayo. Chukueni nakala, wanafunzi wajenge ndege mpya kwa vipimo vile vile, na hiyo ndiyo irushwe. Ile ya mzee inaendelea kuwa shahidi ambaye mtarudi kwake kila mkibishana juu ya unene wa ubavu. Wamarekani wamefanya hivyo kwa Guff, ndege ambayo ndugu wawili, Walter na William Good, waliirusha kwa redio mwaka 1937 huko Kalamazoo, Michigan: iko katika Makumbusho ya Taifa ya Anga ya Smithsonian, na hakuna anayeomba irushwe.

Fundi wa Njombe

Nimekubali kwa shingo upande. Ila nakala nitaijenga mimi na wanafunzi, na balsa ikikosekana tutatumia shina la ua la mkonge lililokauka, ambalo kwa wepesi halipishani nayo sana. Balsa yenyewe hutoka Ekuado kwa wingi, na bei yake ikifika huku inatia uchungu.

Mwalimu, injini msiizungushe kwa nguvu hata kama imekaza. Mafuta ya injini hizo huchanganywa na mafuta ya nyonyo, ambayo yakikaa miaka hugeuka kuwa gundi ya rangi ya asali ndani ya silinda. Ukilazimisha, utavunja kitu ambacho kipuri chake hakipatikani. Iacheni ilivyo.

Binti wa Mafinga

Shikamooni wakubwa. Nimesoma mjadala wote na nimeona ndege ya mabua imesahauliwa, ingawa Mwalimu aliiuliza tangu mwanzo. Mimi ningeisajili, na ningeiweka katikati ya chumba.

Mnakumbuka kwamba mwaka 1878 Askofu Milton Wright aliwaletea wanawe wawili wadogo, Wilbur na Orville, kichezeo cha kuruka kilichotengenezwa kwa mianzi, kizibo na karatasi, kikizungushwa na mpira. Kilikuwa cha mtindo wa Mfaransa Alphonse Pénaud, yule ambaye mwaka 1871 alirusha ndege ya mpira katika bustani ya Tuileries, Paris, ikaenda mita 40 hivi kwa sekunde 11. Kichezeo cha wale watoto kilivunjika, wakaanza kujitengenezea vingine, na walipokuwa watu wazima wenyewe walikitaja kuwa ndicho kilichowasha hamu yao. Hakuna aliyekihifadhi. Kwa hiyo makumbusho yote makubwa yanaeleza habari zake bila kuwa nacho, nanyi mnacho cha kwenu, cha mianzi vilevile, mnauliza kama kinastahili namba!

Tena tusidhani kwamba ndege ya mfano ni hatua ya kitoto ambayo wakubwa waliivuka. Samuel Langley alirusha ndege yake namba 5, isiyo na mtu na yenye injini ya mvuke, juu ya mto Potomac mwezi Mei 1896, karibu kilomita moja, miaka 7 kabla ya akina Wright kuruka na mtu. Na Agosti 2003 ndege ya mfano ya Maynard Hill, mzee ambaye macho yake yalikuwa karibu hayaoni, ilitoka Newfoundland ikavuka Atlantiki hadi Ireland kwa muda wa saa 38 na dakika 52. Ilikuwa ya balsa, na uzito wake ukiwa na mafuta ulikuwa chini ya kilo 5.

Ninachoomba tu ni kwamba muwahoji wanafamilia kuhusu mabua hayo wakati bado wanakumbuka. Mzee aliitengenezea wapi? Aliona ndege gani ikipita? Kama utoto wake ulikuwa chini ya njia ya Imperial Airways, basi tazameni kama ina mabawa mawili yaliyopangwa juu na chini.

Mwalimu wa Uyole

Binti yangu, marahaba. Niliposoma swali lako la mwisho niliinuka nikaenda kuifungua tena usiku huo huo. Ina mabawa mawili, la juu na la chini, yameshikanishwa kwa vijiti vya mianzi, na puani ina vipande vitatu vya bua vilivyochomekwa miiba, kila kimoja na kijipropela cha jani kavu. Sitaandika kwamba ni Hercules. Nitaandika kwamba ina mabawa mawili na injini 3, na msomaji ataamua.

Mhifadhi, nimeona pia vumbi laini kama unga chini yake, na vitundu kwenye mabua.

Mhifadhi wa Gangilonga

Hao ni dumuzi, na wako hai kama unga unaendelea kudondoka juu ya karatasi safi mtakayoitandika chini yake. Iondoeni mbali na zile za balsa leo. Msipulize dawa ya wadudu, maana itaacha madoa na kuwadhuru wanafunzi. Ifungeni kwenye mifuko miwili ya plastiki, hewa ikiwa imetolewa kwa upole na karatasi laini ikiwa imewekwa kuizunguka, kisha iingie friza yenye baridi ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ikitoka, isifunguliwe kabla ya saa 24 kupita, ili unyevu ugande nje ya mfuko na sio kwenye mabua. Zile za karatasi na vanishi msiziingize frizani. Zichunguzeni tu kila wiki.

Na dirisha la chumba chenu lipate pazia nene. Karatasi ya rangi hupauka kwa mwanga, nasi kwa vitu hivyo hatupendi kuzidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), ambazo ni hafifu kuliko taa ya kawaida ya ofisi kwa mbali sana. Wageni watalalamika mwanzoni, kisha macho yao yatazoea.

Mwalimu wa Uyole

Narudi kutoa taarifa. Kikao cha familia kilifanyika Jumapili, na kaka wa Dar es Salaam alishiriki kwa simu, kisha akaja mwenyewe siku ya Alhamisi kusaini. Mirathi ilikuwa imefunguliwa, na msimamizi, kumbe, ni yule dada aliyesema "tunawawekea". Baada ya kusoma hati mara mbili alikubali kutoa zawadi ya ndege zote, rimoti na daftari moja. Daftari la pili amelibakiza, kwa kuwa kurasa zake za mwisho mzee aliandika mambo ya nyumbani, lakini ameturuhusu kupiga picha kurasa za michoro. Katika ukurasa wa ndege yenye injini kuna tarehe ya 1958. Nilimwonyesha bila kusema neno, akacheka, akasema baba yake alipenda kuongeza chumvi. Maneno yake ya kwanza na haya ya pili yote nimeyaandika.

Sherehe imesogezwa hadi baada ya mvua. Shule ilinuna kidogo.

Friza tumeipata kwa jirani anayeuza samaki hapa Uyole. Amekubali kwa wiki mbili, kwa sharti kwamba mifuko iwe mitatu badala ya miwili na kwamba niandike juu yake kwa herufi kubwa SI SAMAKI. Inaingia Jumamosi jioni, akishamaliza kuuza.